Mama Glory wa steshenari Moshi anauliza: DNS ipi izuie matangazo na virusi?

Mama Glory ana steshenari Moshi, upande wa Mbuyuni. Ameniandikia hivi: “Nina kompyuta tatu za wateja na moja yangu ya kaunta, zote zinatumia ruta moja ya 4G. Wateja wangu wengi ni vijana wanaokuja kujaza Ajira Portal, maombi ya mkopo wa HESLB na mambo ya TRA. Wakitafuta fomu, matangazo yanafunika ukurasa mzima, wanabonyeza kitufe cha kupakua ambacho si chenyewe, na mwezi uliopita kompyuta moja ilijaa programu ambazo sizijui. Kijana mmoja kaniambia dawa ni kubadilisha DNS, akataja AdGuard. Mwingine kasema Quad9. Fundi wangu anasema NextDNS ndiyo baba lao. Niweke ipi? Na nikishaweka, antivirusi nayo ya nini? Na simu ya binti yangu je?”

Mama Glory, pole sana kwa hiyo kompyuta. Mimi nafunga mitandao hapa Arusha, kwenye ofisi za utalii, nyumba za wageni na maduka kama lako, na swali hili naulizwa karibu kila wiki. Wewe umelifanya jepesi kwa kunieleza ni nani anayekaa mbele ya hizo kompyuta, maana jibu linategemea hapo.

Kwa ufupi: kompyuta tatu za wateja ziwekee AdGuard DNS. Ya kaunta iwekee Quad9. NextDNS iache kwa sasa, na antivirusi ibaki palepale. Sababu zake nakueleza kwa kirefu, ili kesho akija mtu mwingine na jina lingine uweze kumpima mwenyewe.

Mgeni akishuka stendi ya Moshi, hajui njia ya kuja kwako. Anamuuliza bodaboda: kwa Mama Glory steshenari ni wapi? Kompyuta nayo ni hivyo hivyo. Kabla ya kufungua tovuti yoyote inauliza kwanza: jina hili anwani yake ni namba gani? Anayejibu ndiye DNS, mfumo ambao Paul Mockapetris aliuandika mwaka 1983 na mpaka leo intaneti nzima inautegemea. Kwa kawaida anayekujibu ni kampuni ya mtandao wako, na hujibu kila linaloulizwa bila kuchagua. Huduma ya DNS ya kuchuja ina orodha ya majina mabaya: seva za matangazo, wafuatiliaji, tovuti za kitapeli, nyumba za virusi. Kompyuta ikiuliza jina lililomo kwenye orodha, inaambiwa nyumba hiyo haipo. Kwa hiyo tangazo halipakuliwi kabisa. Bando lako linapona, na kile kitufe cha uongo hakitokei hata mteja akikitafuta.

Humo humo ndimo ulipo udhaifu wake. DNS inajua majina tu. Matangazo ya YouTube yanatoka kwenye nyumba ileile inayotoa video, na ya Facebook na Instagram vivyo hivyo. Ukifunga jina umefunga na video. Anayekuahidi DNS ya kuondoa matangazo ya YouTube usimlipe.

Sasa tuwaangalie hao watatu, tukianza na Quad9 kwa sababu ndiyo watu wanaielewa vibaya zaidi. Ilianza Novemba 2017 kwa ushirikiano wa IBM, Packet Clearing House na Global Cyber Alliance, na mwaka 2021 ikahamishia makao yake Uswisi. Haifanyi biashara, ni taasisi isiyo ya faida, na duka kama lako linaitumia bure bila kujisajili. Inazuia tovuti za virusi na za kuiba nywila, ikikusanya taarifa kutoka kwa watafiti wengi wa usalama. Lakini matangazo haizuii hata moja. Naona watu wanaiweka, matangazo yanaendelea kumwagika, wanasema haifanyi kazi. Inafanya kazi, ila kazi yake si hiyo.

Hili usilichukue kwa mdomo wangu. Kaa kwenye kompyuta ya kaunta, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha Enter. Kwenye kile kidirisha cheusi andika:

nslookup googleads.g.doubleclick.net 94.140.14.14

Hapo umemuuliza AdGuard mahali ilipo seva ya matangazo ya Google. Atakujibu 0.0.0.0, yaani hakuna nyumba. Rudia swali lilelile, ila mwishoni weka 9.9.9.9. Quad9 atakupa anwani halisi, bila kinyongo. Kisha muulize Quad9 jina isitblocked.org, ambalo waliliweka makusudi kwa ajili ya majaribio, naye atasema jina hilo halipo. Kwa dakika mbili umeona tofauti ya hao wawili kwa macho yako, na fundi akija unamwonyesha.

AdGuard DNS, ya kampuni iliyoko Kupro, inazuia matangazo, wafuatiliaji na tovuti za hadaa. Namba zake ni 94.140.14.14 na 94.140.15.15. Nayo ni bure na haitaki usajili. Kwa upande wa virusi tupu mimi namwamini zaidi Quad9, kwa sababu ndiyo kazi yake ya kutwa. Kwa nini basi nakuambia kompyuta za wateja zipate AdGuard? Kwa sababu kwako virusi vinaingia kupitia matangazo. Kijana amekaa, ana haraka, maombi ya kazi yanafungwa leo usiku, anatafuta mfano wa barua au fomu ya PDF. Ukurasa unafunguka na vitufe vitatu vya kijani vimeandikwa pakua, kimoja tu ndicho cha kweli, tena ndicho kidogo kuliko vyote. Ukiviondoa vile viwili umemwokoa kabla hata hajafika kwenye tovuti mbaya. Duka ambalo kila nusu saa anakaa mtu mwingine, tangazo ni mlango, nao ufungwe.

Lakini kufunga kuna gharama yake. Miaka kadhaa nyuma niliwawekea ofisi moja ya utalii hapa mjini, karibu na Mnara wa Saa, orodha kali ya kuzuia matangazo kwenye ruta. Walifurahi, kurasa zikawa safi. Ilipofika Juni, msimu umechanganya, dada wa dawati akapokea barua pepe kutoka kwa wakala wa nje: bonyeza hapa kuthibitisha vyumba. Akabonyeza, ukurasa mweupe. Akabonyeza tena kesho yake, mweupe. Alidhani mtandao ni mbovu, akasubiri. Siku ya tatu akanipigia, na vyumba viwili vya Karatu vilikuwa vimeshachukuliwa na wengine. Nilipochunguza nikakuta kile kitufe hakiendi moja kwa moja kwenye tovuti ya wakala. Kinapitia kwanza jina linalohesabu nani kabonyeza, na jina hilo liko kwenye orodha ya wafuatiliaji. Kichujio kilifanya kazi yake sawasawa. Nilichokosea mimi ni kuondoka bila kumwachia yule dada njia ya kujua kwamba kilichofunga ni kichujio, na namna ya kukizunguka.

Tangu siku ile, kila nikilinganisha huduma hizi swali langu la kwanza ni hili: itakapofunga kisichostahili, nani atafungua, na kwa dakika ngapi? Kwako mteja yuko mbele yako, nyuma yake kuna foleni, na HESLB haimsubiri. Ndiyo maana nataka kompyuta yako ya kaunta iwe na DNS tofauti. Ukurasa ukigoma kwenye kompyuta ya mteja, fungua anwani ileile kwenye ya kwako. Ikifunguka, tatizo ni kichujio cha matangazo, na mteja anamalizia hapo kaunta. Ikigoma kote kuwili, ama tovuti yenyewe imelala, jambo ambalo siku za mwisho za maombi hutokea sana, ama Quad9 ameiona ni hatari, na hapo usilazimishe. Tena kaunta ndipo unapofanyia mambo ya benki na barua pepe zako, kwa hiyo panahitaji DNS isiyovunja viungo vya barua, lakini inayozuia tovuti feki za benki.

Fundi wako hajakosea kuisifia NextDNS. Kwa kumpa mtu udhibiti ni nzuri kuliko hizo mbili: unachagua orodha, unaruhusu jina moja moja, unaona kwenye kumbukumbu nini kimezuiwa saa ngapi. Kwa nyumbani kwangu ningeichagua. Ila kwa duka lako ina mambo matatu. La kwanza, kifurushi cha bure ni maswali 300,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa siku 26 za kazi na kompyuta nne, kila kompyuta inapata kama 2,900 kwa siku, na ukurasa mmoja uliojaa matangazo unaweza kuuliza majina kwa makumi. Ukivuka kiwango mtandao haukatiki. Inaendelea kujibu kama DNS ya kawaida, bila kuchuja, na wewe hujui. Mlinzi aliyelala akiwa amesimama ni hatari kuliko kutokuwa na mlinzi, kwa sababu umeacha kufunga mlango. Kifurushi chao cha kulipia cha bei nafuu nacho ni cha mtu na familia yake. Biashara ina bei yake.

La pili ni la kiufundi, na mafundi wengi linawapita. Ukiweka NextDNS kwa kuandika namba kwenye ruta, wao wanakutambua kwa anwani yako ya intaneti. Ruta ya 4G kwa kawaida haina anwani yake peke yake: kampuni ya simu inawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na inabadilika. Leo wanakutambua, kesho hawakujui, mipangilio yako yote inakuwa kama haipo. Njia ya kutumika ni kuweka programu yao kwenye kila kompyuta. Inawezekana, ila ni kazi zaidi.

La tatu ni kumbukumbu zenyewe. Utakuwa na orodha ya tovuti ambazo wateja wako wamefungua, na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Siku ukiamua kuitumia NextDNS, zima kumbukumbu au ziweke kwa muda mfupi kabisa. Mtu aliyekuja kuangalia majibu ya vipimo vyake kwenye kompyuta yako ana haki ya kuondoka na siri yake.

Wapo wengine. Cloudflare ina 1.1.1.2 na 1.0.0.2, ilizoanzisha Aprili 2020, zinazozuia virusi ila si matangazo. Hiyo ndiyo mbadala wangu endapo Quad9 itakuwa mbali na mtandao wako. Control D ya Kanada ina 76.76.2.2 inayozuia matangazo na virusi kwa pamoja, bure. AdGuard ikikuletea shida, jaribu hiyo. OpenDNS ya Cisco ina namba za familia. 8.8.8.8 ya Google haichuji chochote. Pi-hole, ile ya kuweka kikompyuta kidogo dukani kichuje chenyewe, naipenda sana, lakini umeme ukikatika ghafla mara kadhaa kadi yake ya kumbukumbu inaharibika, na siku hiyo duka zima halina intaneti mpaka fundi afike. Kwako hapana.

Umbali unaupima hivi: kwenye kidirisha kilekile andika ping 9.9.9.9, halafu ping 94.140.14.14. Fanya asubuhi na jioni. Kwa 4G ukiona muda wa milisekunde (ms) 40 au 60 ni sawa. Ukiona 180 kwenda juu, maswali yako yanavuka bahari mpaka Ulaya na kurudi, na kurasa zitachelewa kuanza kufunguka. Namba hizi hutofautiana kati ya kampuni moja ya simu na nyingine hata mkiwa mtaa mmoja, kwa hiyo kipimo cha jirani yako kisikutoshe.

Sasa kuweka. Ruta nyingi za 4G za kampuni za simu hazikuruhusu kubadilisha DNS, kwa hiyo usihangaike nayo, weka kwenye kila kompyuta. Kwenye Windows ingia mipangilio ya mtandao, fungua muunganisho unaotumia, tafuta sehemu ya seva za DNS, ibadilishe kutoka otomatiki iwe ya kuandika mwenyewe. Kuna nafasi mbili, na hapa nakusihi usikilize vizuri, maana ndipo naposahihisha watu kila siku. Watu huandika 9.9.9.9 juu na 8.8.8.8 chini, eti ya pili ni akiba. Windows haiahidi kuiuliza ya juu peke yake. Ya juu ikichelewa kidogo inauliza ya chini, na ya chini inafungua kila kitu. Wengine huweka AdGuard juu na Quad9 chini wakidhani wamepata zote mbili. Hawajapata: jina lililozuiwa na mmoja linafunguliwa na mwenzake. Nafasi zote mbili ziwe za huduma moja. AdGuard ni hizo mbili nilizotaja. Quad9 ni 9.9.9.9 na 149.112.112.112.

Angalia pia IPv6, yaani aina mpya ya anwani za intaneti. Kama kampuni yako ya simu inaigawa, kompyuta itapata DNS nyingine kupitia mlango huo na kuviruka vyote ulivyoandika. Washa sehemu ya IPv6 na uandike za huduma hiyohiyo: kwa Quad9 ni 2620:fe::fe na 2620:fe::9, kwa AdGuard ni 2a10:50c0::ad1:ff na 2a10:50c0::ad2:ff. Ukimaliza andika ipconfig /flushdns kwenye kidirisha cheusi, funga kivinjari, fungua upya. Kwenye ya kaunta fungua on.quad9.net, nayo itakuambia ndiyo au hapana.

Juu ya DNS, weka kivinjari cha Firefox chenye uBlock Origin, kiongezi cha kuzuia matangazo, kwenye kompyuta zote nne. Hiyo inaona ndani ya ukurasa, mahali DNS isipofika, hata matangazo mengi ya YouTube inayaondoa. Ikifunga kitu, unaizima kwa tovuti hiyo moja kwa kubonyeza mara moja.

Antivirusi. Mama Glory, flashi! Mteja anakuja na flashi iliyotoka chuo, ikapita kwa rafiki, ikapita steshenari nyingine tatu, anakuambia nitolee kopi mbili. Unaifungua, mafolda yote yamegeuka njia za mkato. Hapo hakuna jina lililoulizwa, DNS haina habari. Inaweza kusaidia baadaye, kirusi kikitaka kupiga simu kwa bwana wake, lakini kuingia kinaingia. Defender iliyomo ndani ya Windows inatosha mradi isasishwe na isizimwe, na wanaokuwekea programu zilizokrakiwa ndio hao huizima. Wateja wakae kwenye akaunti ya kawaida isiyoweza kusakinisha kitu. Kompyuta zako kama bado ni Windows 10, fahamu kwamba Microsoft ilisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Ile iliyojaa programu usizozijua, usiianzie na DNS. Nakili mafaili yako muhimu, isakinishwe Windows upya, na nywila zozote ulizowahi kuandika humo zibadilishe ukitumia kompyuta nyingine.

Kuna utapeli ambao DNS haigusi kabisa, nao ni ule wa ujumbe wa simu: ile hela tuma kwenye namba hii. Huo unaupeleka 15040, namba ya kuripoti utapeli. Na wafundishe vijana wako wa dukani waangalie mwisho wa anwani kabla mteja hajaandika namba yake ya NIDA. Tovuti ya serikali yetu inaishia na .go.tz. Tovuti ya “ajira mpya za serikali” inayoishia na kitu kingine na inataka ada, funga.

Simu ya Glory. Android kuanzia toleo la 9 ina sehemu ya DNS ya faragha kwenye mipangilio ya mtandao. Kwa simu iliyowekwa Kiingereza pameandikwa Private DNS. Chagua kuandika jina la mtoa huduma, andika family.adguard-dns.com. Itazuia matangazo, hadaa na picha za ngono, na itafanya kazi kwenye waifai na kwenye bando la simu. Hapo huhitaji kupakua programu yoyote. Nyingi ya programu hizo hujiunga na simu kama VPN, yaani njia ya pembeni inayopitisha mtandao wako, na Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo la kutaka watumiaji wa VPN wajisajili, kwa hiyo njia hii ya ndani ya simu ni safi zaidi. Siku akiunganisha waifai ya hoteli au hospitali na ukurasa wa kuingilia ukagoma kutokea, arudishe DNS kwenye otomatiki, aingie, kisha aandike lile jina tena. Mwandikie kwenye karatasi, aliweke kwenye kava la simu.